Picha ya Staa Kwenye Yoti Ilivyotaka Kuondoka na Mpunga wa Igawa

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo ni ubuyu wa yoti, na kama unadhani yoti haikuhusu, subiri mpunga uingie kwenye stori.

Ile picha wengi mmeiona. Staa wetu mmoja, jina kapuni na msinibembeleze, kakaa nyuma ya boti nyeupe, miwani nyeusi, glasi ndefu mkononi, bahari ya bluu nyuma yake mpaka unatamani kuacha kazi. Chini kaandika kwamba ndo katua kutoka Shelisheli na yoti yake mwenyewe, wiki mbili baharini, Mungu ni mwema. Chawa wakashuka na mioto na mataji. Wengine wakaandika eti wenye roho mbaya wataisoma namba.

Mimi ningeipita tu kama ninavyozipita picha za magari ya kuazima. Mjini hapa kila mtu ana haki ya kuazima bata lake. Tatizo lilikuwa pale chini ya picha. Kulikuwa na linki ya kundi la WhatsApp, ukiingia unakuta "fursa": unaweka laki tano kwenye mradi wa yoti za kukodisha watalii, halafu kila mwezi unapokea laki na nusu. Na ndani ya kundi hilo alikuwemo binamu yangu, dogo wa miaka 22, yupo Igawa, na stoo ya baba yake ina gunia 27 za mpunga.

Kwa wasioijua Igawa: ukitoka Dar na basi la Mbeya, ukishaipita Makambako na kuanza kushuka kuelekea Mbarali, ndo hapo. Ni kilometa 700 na ushee kutoka baharini. Wengine mnaisikia kwenye taarifa za ile barabara ya Igawa mpaka Tunduma, kilometa 218. Malori ya Zambia na Kongo yanapumzika pale, mahindi ya kuchoma yapo, mchele wa Mbarali upo, Mto Mbarali unapita chini ya daraja. Yoti haipo. Chombo kikubwa cha majini ambacho dogo amewahi kukipanda ni mtumbwi.

Mimi nimekulia hapohapo kwa mjomba, baba yake huyo dogo. Mjomba analima mpunga na pia anashona maturubai ya malori, na mkononi mwake ndo nilijifunza cherehani. Leo nipo Dar, kwenye karakana inayoshona makava, magodoro ya boti na vivuli vya hoteli za ufukweni. Kwa hiyo dogo alipopiga simu, alipiga kwa mtu sahihi. Akasema, "Kaka, wewe si unafanya kazi na maboti? Hebu niambie, hii kitu inalipa? Nimeshawahi nafasi moja kwa hela yangu. Nataka nimwambie mzee tuuze gunia kumi, tuchukue nafasi mbili."

Nikamwambia anitumie picha. Akatuma. Nikaikuza, na kitu cha kwanza kilichonikodolea macho ni mto wa kukalia. Bluu iliyokolea, bomba nyeupe pembeni, kona moja bomba limeungwa kwa kupishana badala ya kugongana. Mshono ule nausoma kama mwandiko wangu, maana ni wangu. Hiyo boti mito yake tumeishona sisi. Ni ya mfanyabiashara mmoja mzee asiyejua hata wimbo mmoja wa Bongo Fleva, na anaikodisha kwa saa: besdei, mahari, kupiga picha, mizunguko ya jioni Msasani. Shelisheli imeisikia redioni.

Sasa ningeweza kuishia hapo. Lakini dogo hakukubali. Akasema labda staa amenunua kwa huyo mzee. Labda zipo mbili zinazofanana. Ukitaka kuamini kitu, labda hazikauki. Ikabidi nimweleze yoti ya kweli ya kuvuka bahari ipoje, kwa sababu nimewahi kuingia moja.

Ilikuwa msimu wa kusi. Wastaafu wawili, mume na mke, wote wamepita miaka 65, walitokea Shelisheli wakatia nanga Msasani na kivuli chao kimechanika. Bosi akanituma na mashine. Mama yule alikuwa na Kiswahili cha Kilifi, alikokaa miezi minne mwaka uliopita. Neno la kwanza aliloniambia baada ya karibu lilikuwa, "Vua viatu." Nikavua. Nilikaa mle siku tatu nikipima na kushona, na kila nilipouliza kitu, mama alinifungulia mlango akanionyesha.

Cha kwanza, haikuwa kubwa kama nilivyotegemea. Futi 47, mlingoti mmoja. Lile boti la mapicha linaonekana pana zaidi. Ila hii ya wastaafu chini ya tumbo lake ina uzito mkubwa wa risasi uliofungwa kwenye mkuku, ili upepo ukiilaza irudi yenyewe kusimama. Mama aliniambia karibu theluthi moja ya uzito wa chombo upo huko chini usikoona. Nikakumbuka madereva wa semi pale Igawa wanavyogombana na wapakiaji: mzigo mzito chini, kona za Kitonga zinakuja.

Ya pili, kitanda. Wadau, kule mbele kulikuwa na kitanda kipana, shuka nyeupe, dirisha la juu la kuangalia nyota. Nikasema hapa ndo penyewe. Mama akacheka. Hapo wanalala wakiwa wametia nanga tu. Baharini pua ya chombo inapanda na kushuka usiku kucha, ukilala pale unarushwa kama mchele kwenye ungo. Wakiwa safarini wanalala katikati, kwenye kitanda chembamba kama benchi, chenye turubai pembeni linalofungwa juu ili usidondoke. Turubai! Nililishika, nikaangalia mishono, safi kabisa. Kwa hiyo kitanda cha raha baharini ni kile kinachokubana. Dereva wa masafa anayelala kwenye kile kitanda cha nyuma ya usukani ananielewa.

Ya tatu, jiko. Ni jiko la gesi la plate tatu na oveni, lakini halikupigiliwa ukutani. Limening'inizwa kwenye ekseli mbili kushoto na kulia, chombo kikilala, jiko linabaki wima. Sufuria zinabanwa na vyuma juu ya plate. Mbele ya jiko kuna bomba la chuma la kujizuia usiangukie moto, na mkanda wa kumfunga mpishi kiunoni. Meza, kabati, rafu, zote zina kingo zilizoinuka. Kabati hazifunguki mpaka ubonyeze kitasa. Hakuna glasi ndefu iliyosimama yenyewe popote.

Ya nne, maji, na hapa ndo nilikaa chini. Tangi lao linabeba lita mia kadhaa. Kwa watu wawili wanaooga na kufua hilo lingeisha. Ila chini ya kochi kuna mashine inayovuta maji ya bahari, inayasukuma kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana mpaka chumvi inabaki upande mmoja na maji matamu yanatoka upande wa pili. Msukumo wake unafika kama mara sita au saba ya upepo wa tairi la semi. Ya kwao inatoa lita 60 kwa saa. Nilikunywa glasi. Hayana ladha kabisa. Mimi niliyekua nikibeba ndoo kutoka Mto Mbarali nikawaza: ule mto unaingia Ruaha Mkuu, unapita Mtera, Kidatu, unaungana na Rufiji, unamwagika baharini upande wa Mafia. Halafu huku mbele kuna watu wanautoa chumvi wanauchemshia chai.

Ya tano, umeme. Sola juu ya kivuli cha nyuma, betri za lithiamu chini ya sakafu, jenereta ndogo ya dizeli kwa siku za mawingu. Ndo inaendesha friji, friza, mashine ya kufulia, taa, na lile bomba la maji. Simu zinachajiwa, filamu zinaangaliwa. Lakini mzee mwenyewe, aliyekuwa fundi umeme maisha yake yote, ana daftari anaandika kila siku umeme ulioingia na uliotumika. Kama mama mwenye mgahawa anavyoandika mkaa.

Ya sita, uendeshaji. Usidhani wazee wale wanavutana na kamba kama kwenye filamu. Matanga yanajikunja na kujikunjua kwa vitufe, wamekaa sehemu yao iliyozungukwa na kioo cha kuzuia mawimbi. Usukani unashikwa na mashine, mchana na usiku. Pia nyuma kuna bawa dogo linalosoma upepo na kushika usukani bila umeme hata kidogo, ili mashine ikifa safari isife. Kuna rada, na kuna kifaa kinachoonyesha meli kubwa zilizo karibu, jina lake, mwendo wake, inaelekea wapi. Hata hivyo mmoja lazima awe macho. Wanapeana zamu za saa tatu tatu usiku kucha. Mama alisema raha anayoithamini kuliko zote ni mumewe kumwamsha kwa wakati, na chai ikiwa tayari kwenye chupa.

Ya saba haikai vizuri Instagram. Boya linalojifungua na kujijaza upepo lenye paa lake. Mikanda ya kujifunga ukitoka nje usiku, na utepe uliolazwa sakafuni toka nyuma hadi mbele wa kujiunganishia. Begi la kukimbia nalo, lina maji, dawa, pasi za kusafiria. Na kifaa kidogo cha njano kinachoita msaada kupitia setilaiti, kikitaja jina la chombo na mahali kilipo.

Hicho cha njano mama alinionyesha akiwa kanyamaza kidogo. Njia waliyopita wao, Shelisheli kuja pwani yetu, ndiyo waliyokuwa wanaipita Waingereza wawili, Paul na Rachel Chandler, Oktoba 2009. Walikuwa wanakuja Tanzania na yoti yao, Lynn Rival, futi 38. Maharamia wa Kisomali wakawateka. Kifaa chao cha dharura kilipiga kelele tarehe 23 mwezi ule, na ndo dunia ikajua kuna jambo. Walishikiliwa siku 388, wakaachiwa Novemba 2010. Miaka ile yoti za wageni zilipungua sana kwenye bahari yetu. Kwa hiyo mtu akikuambia katoka Shelisheli, kakuambia kitu kizito. Hiyo njia haipitwi kwa miwani nyeusi. Na sisi watu wa MV Bukoba 1996 na Spice Islander 2011 tunatakiwa tuwe wa kwanza kuuliza maboya yapo wapi kabla ya kuuliza muziki upo wapi.

Haya, sasa rudi kwenye picha ya staa. Nilimpigia dogo, tukaifungua wote kila mtu kwenye simu yake.

Nikamuuliza, "Mlingoti unauona?" Hakuna. Basi ni boti ya injini, na nyuma zinaonekana mbili. Tukapiga hesabu. Dar mpaka Shelisheli ni kama maili elfu moja za baharini, karibu kilometa 1,800. Yoti ya matanga inakwenda kilometa 12 au 13 kwa saa, mwendo wa baiskeli, inachukua kama wiki moja, na upepo haununuliwi sheli. Boti ya injini mbili za farasi 200 ikikimbia maili 20 kwa saa inafika kwa saa 50, lakini inaweza kula lita 100 kila saa. Hiyo ni lita 5,000. Mapipa 25. Nikamuuliza dogo anayapakia wapi, maana naona friji ya vinywaji, mapipa siyaoni.

Akanyamaza. Nikaendelea. "Jiko lina kingo?" Jiko lenyewe hakuna. "Kitanda?" Kuna godoro jeupe la kuotea jua, halina hata pa kushika. "Glasi ngapi zimesimama mezani?" Sita. "Mezani pana kingo?" Hapana. Glasi sita zimesimama kwenye meza tupu, dogo, hiyo boti haijawahi kuona wimbi la kiuno chako.

Na bei? Yoti mpya ya futi 50 kutoka viwanda vyenye heshima, kama Amel wa Ufaransa, Hallberg-Rassy wa Sweden au Oyster wa Uingereza, inapita Euro milioni 1, yaani shilingi bilioni mbili na zaidi. Halafu wenye vyombo wana msemo wao kwamba kila mwaka utatenga kama sehemu moja ya kumi ya bei kwa matengenezo. Kule chumvi inakula kila kitu: chuma, waya, pampu, hata uzi wangu. Mtu mwenye mzigo huo anatafuta benki. Hatafuti laki tano ya mkulima wa Mbarali, tena aahidi kumrudishia yote ndani ya miezi minne.

Dogo akasema kitu kilichoniuma. Akasema, "Kaka, wewe upo mjini, unaviona hivi kila siku. Sisi huku picha ndo tunachopata." Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli. Anaamka saa kumi alfajiri kugeuza maji ya mfereji shambani, anasubiri miezi mitano mpunga uive, anakuja dalali na bei yake. Halafu simu inamwonyesha kijana kama yeye amekaa juu ya maji hafanyi lolote na hela inaingia. Staa hajaazima boti peke yake, kaazima na imani ya watu kama dogo. Boti alilipia kwa saa. Hii nyingine hajailipia.

Jioni ileile nikampigia mjomba. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu, za huko?" Nikamweleza yote, kuanzia mto wa bluu mpaka mapipa 25. Mjomba akasikiliza, halafu akauliza swali moja tu: "Hiyo boti turubai lake linafunikaje mvua ikija ya pembeni?" Nikamwambia halifuniki, ni kivuli cha juu tu. Akasema basi hiyo ni ya kushindia. Funguo za stoo akazihamishia mfukoni mwake.

Laki tano ya dogo, ile aliyokwisha tuma, haijarudi. Aliuza gunia zake tano mwenyewe kuipata. Mwezi wa kwanza hakupokea kitu, akaambiwa mfumo unafanyiwa marekebisho. Wiki ya sita kundi likafungwa kwa wasio wasimamizi, ya saba likafutwa. Linki ilitoweka kwenye ukurasa wa staa bila neno. Picha ipo mpaka leo, na mataji yanaendelea. Kama na yeye alitumiwa jina lake bila kujua, amekaa kimya muda mrefu sana kwa mtu aliyetumiwa.

Dogo alininunia kama mwezi hivi, kwa kumwambia baba yake. Salamu zilipitia kwa shangazi. Halafu juzi akanitumia picha ya staa mwingine, huyu wa kike, ameegemea boti nyeusi ya nguvu. Chini yake dogo kaandika: "Kaka, huyu naye meza yake haina kingo." Nikajua tumeshapatana. Gunia 27 za mjomba bado zipo, anasubiri bei ya Januari.

Wadau, sisemi watu wasile bata. Kodini boti, pigeni picha, besdei njema. Ukiandika umekodi, nakupa laiki na moto juu. Ila ukiandika umevuka bahari, tutakuuliza umelala wapi, umepikia wapi, maji ulitoa wapi, na nani alikuamsha zamu ilipofika.

Kwenye komenti nataka stori zenu: nani kaona boti gani, imekodiwa bei gani kwa saa. Na kama uliwahi kuingia kundi la aina hii, tuambie lilivyoisha, kuna madogo wengine wanasoma hapa. Jina la staa mkilitaja nalifuta. Mkibisha kuhusu mto wa bluu, njooni karakana, bomba lililobaki bado ninalo.